Kirusi cha Areti

Kufikia katikati ya Juni, Areti Bletsa alikuwa amemaliza soli za viatu vyake kwa kutafuta kazi ya likizo mjini Thesaloniki. Alikuwa ameingia migahawa, maduka ya nguo, vituo vya mafuta, hata duka moja la majeneza. Kila mahali alijibiwa kwa upole uleule: acha wasifu wako hapo, tutakupigia. Mwenye mgahawa mmoja karibu na bandari alikuwa mkweli zaidi. Alivuta droo ya kaunta, akamwonyesha rundo la karatasi lililojaa hadi juu.

"Tazama, binti. Huyu mwanasheria. Huyu kasomea misitu mpaka Uholanzi. Huyu hapa ana watoto wawili na shahada mbili. Wote wanataka kubeba sahani. Sasa wewe, mwaka wa pili wa kemia, nikubane wapi?"

Alirudi kwao Larisa kwa siku mbili, akapanga foleni alfajiri nje ya kiwanda cha kutia mapichi kwenye makopo. Watu watatu mbele yake alisimama mwalimu aliyemfundisha hesabu sekondari, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi. Areti alitaka kumwamkia, kisha akaona jinsi yule mzee alivyoligeuzia uso geti, akanyamaza. Kiwanda kilichukua watu kumi na wawili. Mwalimu hakuwemo. Naye hakuwemo.

Baba yake alikuwa fundi wa vigae, na tangu ujenzi ulipokufa nchini alikuwa hajabandika hata kigae kimoja. Jioni ile alimmiminia Areti kahawa, akasema bila kumtazama, "Chumba cha Thesaloniki hatukiwezi tena, mwanangu. Pumzika mwaka mmoja hapa nyumbani. Mambo yakitengemaa utarudi chuo."

Areti alijua watu waliopumzika mwaka mmoja. Kaka yake alikuwa mmoja wao. Sasa alikuwa Stuttgart akifagia maghala.

Aliyempa wazo ni Zoi, mwenzake wa chumbani, aliyekuwa amepata kazi ya kumlea bibi kizee mchana kutwa bila siku ya mapumziko. "Huku mjini tunagombania makombo, shoga," Zoi alimwambia. "Nenda pwani, Sithonia. Usitume barua pepe, hawasomi. Nenda usimame nao uso kwa uso, msimu ukishaanza na mtu mmoja kashamkimbia bosi. Na wakikuuliza kama unajua kitu, sema unajua. Utajifunza baadaye."

Basi Areti akapanda basi na begi moja. Siku ya kwanza alitembea vijiji viwili vya pwani, akalala kwenye benchi la kituo. Siku ya pili, saa tano asubuhi, jasho likimchuruzika mgongoni, akaingia kwenye hoteli ndogo ya vyumba ishirini na viwili juu ya ghuba, akamkuta mwenye hoteli akigombana na simu.

Bwana Argyris alikuwa mtu mnene wa miaka sitini, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alikata simu, akamkagua Areti kutoka nywele hadi viatu.

"Kazi?"

"Ndiyo, bosi. Yoyote."

"Yoyote sina. Nina ya mapokezi tu. Aliyekuwepo kaondoka jana na mpiga gitaa. Kiingereza?"

"Najua. Na Kijerumani kidogo."

"Wajerumani hawaji tena. Wageni wangu ni Warusi, vyumba kumi na nane kati ya ishirini na viwili. Unajua Kirusi?"

Areti alikuwa amehudhuria masomo manne ya Kirusi, ya bure, yaliyotolewa na chama cha wanafunzi, kabla hayajagongana na maabara yake. Alifungua mdomo ili aseme hapana.

"Najua," akasema.

"Sema kitu nisikie."

 Akavuta pumzi, akatoa kwa mpigo mmoja yote aliyokumbuka: hii ni meza, lile ni dirisha, kaka yangu ni mhandisi, anaishi Moscow.

Bwana Argyris akapanua macho. "Moscow nimeisikia! Umesemaje hapo?"

"Nimesema karibuni hotelini kwetu, mapumziko yenu yawe mema, bahari yetu inasifiwa hadi Moscow."

"Mtoto huyu!" Bwana Argyris akapiga kaunta kofi la furaha. "Unaanza sasa hivi."

Kwenye mlango wa jikoni alisimama mwanamke mkubwa wa mwili, mikono yenye povu, ameziba mdomo kwa taulo ya vyombo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Areti alielewa papo hapo: mwanamke yule alijua Kirusi.

Mwanamke huyo aliitwa Nanuli. Alitoka Kutaisi, Georgia, ambako alifundisha jiografia kwa miaka ishirini, na sasa alikuwa na msimu wake wa tano akiosha vyombo kwa Bwana Argyris. Mchana ule Areti alimfuata nyuma ya jikoni, kwenye makreti ya bia alipokuwa akipumzisha miguu.

"Kaka mhandisi hajambo?" Nanuli aliuliza. Kigiriki chake kilikuwa cha kuvunjikavunjika, lakini kejeli haikupotea njiani.

"Mama Nanuli, nakuomba. Usimwambie."

"Nimwambie nini? Yeye kufurahi."

"Kwa nini kazi ile hukupewa wewe? Kirusi unakijua."

"Kama kulala na kuamka. Shule yote nimesoma Kirusi." Nanuli akavua kiatu, akajikanda kidole. "Miaka mitano, hakuniuliza. Wewe kakuuliza kabla hujakaa. Sababu ni hayo meno yako mazuri."

 Areti aliona aibu, lakini hakwenda kumwambia bosi ukweli. Alirudi kusimama nyuma ya kaunta.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila alasiri, wageni wakiwa wamelala, Nanuli alimfundisha maneno kumi na tano: ufunguo, taulo, maji ya moto, mashine ya baridi imeharibika. Mgeni akisema jambo refu, Areti alitabasamu, akamwongoza hadi kwenye dirisha la jikoni eti akachague chakula, na Nanuli, akiwa amejiinamia kwenye sinki, alijibu bila kugeuka. Bwana Argyris aliona wageni wakiondoka wameridhika, naye hakutaka kujua zaidi.

Lakini Areti hakuwa na raha hata siku moja.  Alijua sauti za nyayo za kila mgeni ngazini, na alipowasikia wale wenye maneno mengi alijifanya anahesabu mataulo stoo. Alikonda. "Kula," Nanuli alimwambia. "Uongo una njaa, unakula mtu."

Wiki nne zilipita hivyo. Siku ambayo mambo yalimfika ilikuwa Jumatano ya mwisho wa Julai, saa tisa mchana, joto limetanda na ghuba nzima imelala.

Kwanza alisikia mayowe ghorofani. Kisha bibi wa chumba namba tisa akashuka ngazi pekupeku, nywele zimemtimka, akamshika Areti mkono kwa nguvu hadi kucha zikamwingia. Familia ile ilikuwa ya watu wanne: bibi, babu, binti yao aliyeitwa Larisa kama mji wa kwao Areti, na mtoto wa Larisa, Polina, wa miaka mitatu. Bibi aliongea kama mvua ya mawe. Katika maneno yale yote Areti alishika matatu tu, kwa sababu Nanuli alikuwa amemfundisha: babu. Moyo. Vidonge.

"Kuna nini?" Bwana Argyris alitoka ofisini akifunga vifungo vya shati.

"Babu wa namba tisa. Moyo," Areti alisema. "Anataka vidonge."

"Mungu wangu! Piga simu zahanati!"

Areti akapiga. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa dakika ishirini na tano kwa gari, na gari la wagonjwa, muuguzi alisema, lilikuwa limekwenda kwenye ajali barabara kuu. "Mlazeni, mfungueni kola, kama ana fahamu mpeni aspirini atafune. Mleteni nyinyi wenyewe." Bwana Argyris hakungoja amalize kusikia. Alinyakua aspirini kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akapanda ngazi mbili mbili na unene wake wote.

Areti alimfuata. Alipoingia namba tisa, bosi alikuwa tayari amemlaza yule mzee kitandani kwa nguvu, anamfungua shati, anamsukumia kidonge mdomoni. Mzee alikuwa akipambana. Alisukuma mikono ya Bwana Argyris, akapaza sauti, akaonyesha kidole upande wa dirisha. Uso wake ulikuwa mwekundu, si wa kijivu. Mikono yake ilikuwa na nguvu za mtu asiyeumwa kabisa.

"Tulia mzee, tulia! Mwambie atulie, Areti!"

"Tulia," Areti akasema kwa Kirusi. Neno hilo alilijua.

Bibi akampiga Areti kifuani kwa ngumi mbili, akasema tena maneno yaleyale matatu, polepole sasa, kwa sauti iliyokatika, kama mtu anayemsihi kiziwi. Babu. Moyo. Vidonge. Kisha akasema neno la nne, ambalo Areti hakulijua, na kuonyesha dirishani.

Kwenye kiti cha dirishani Larisa alikuwa amempakata mtoto. Polina hakuwa analia. Alikuwa amelegea kama nguo iliyoloweshwa, kichwa kimemwangukia mama yake begani, macho yamefumbwa nusu. Mama yake alikuwa akimpiga vikofi mashavuni na kumwita jina. Sakafuni, chini ya kiti, kulikuwa na kikopo cha plastiki cheupe kimelala ubavu, kifuniko kando.

Areti alitazama kikopo. Akatazama mtoto. 

Bado angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ameelewa sasa hivi, kwamba bibi alikuwa hasemi vizuri. Lakini hakujua mtoto amemeza ngapi, wala saa ngapi, wala kama ametapika, na daktari angeuliza hayo yote, na yeye angeweza tu kumjibu meza, dirisha, ufunguo.

"Bosi, mwache mzee," alisema. "Si yeye, ni mtoto. Mtoto kameza dawa za moyo za babu yake. Nimekosea."

"Umekosea vipi? Waulize kameza ngapi!"

"Siwezi kuwauliza. Sijui Kirusi. Nilikudanganya."

Bwana Argyris alibaki ameshika kola ya mzee. Areti hakungoja uso wake ubadilike. Aliteremka ngazi akiita jina la Nanuli kwa sauti ambayo hakujua anayo.

Nanuli alipanda na aproni yake inayotiririka maji. Alipiga magoti mbele ya Larisa, akamshika mtoto kidevu, akauliza maswali mafupi, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mwalimu anayetaka darasa litulie. Nao wakatulia. Bibi akajibu. Babu akajibu. Nanuli akageuka, "Simu! Nipe simu!" akapiga tena kituo cha afya, akamwambia muuguzi kwa Kigiriki chake kibovu: vidonge vitano, labda sita, nusu saa iliyopita, jina la dawa herufi kwa herufi kutoka kwenye kikopo, mtoto kilo kumi na nne, hajatapika. Akasikiliza.

"Tusimtapishe. Asilale. Tukimbie na kikopo. Bosi, funguo za gari!"

Katika dakika mbili gari la Bwana Argyris lilikuwa limepotea kwenye kona ya mizeituni, bosi kwenye usukani, Larisa nyuma na mtoto, Nanuli kando yao akiimba kwa nguvu wimbo wa watoto ili Polina asifunge macho. Bibi alikalia kiti cha mbele. Gari lilikuwa dogo, hapakuwa na nafasi ya mtu mwingine.

Babu alibaki. Alishuka polepole, shati lake limekosa vifungo viwili, akaketi kwenye sofa la mapokezi mbele ya Areti.

Areti alisimama nyuma ya kaunta kwa sababu hakujua pengine pa kusimama. Alihesabu kichwani mwake. Tangu bibi ashuke ngazi hadi yeye kumwita Nanuli, dakika ngapi? Nane? Kumi? Alizihesabu tena na tena, akitafuta namna ya kuzifanya ziwe tano. Katika maabara alikuwa amefundishwa jinsi dawa inavyoyeyuka tumboni. Aliijua kazi ile hatua kwa hatua, na sasa alitamani angekuwa mjinga.

Simu ikalia. Almanusura aidondoshe. Ilikuwa sauti ya mwanaume kutoka Athene, anauliza kama chumba chenye roshani kitapatikana Agosti. Ikalia tena: muuza mboga. Mzee alinyanyuka kila ilipolia, na kila mara Areti alitikisa kichwa, naye akaketi tena. Baada ya muda alianza kulia bila sauti, machozi yanashuka kwenye mikunjo ya uso. Alitoa mfukoni kikopo kingine kama kile cha kwanza, akakitazama, akakiweka mezani mbali na yeye, kisha akakisogeza mbali zaidi kwa kidole.

Areti alimletea maji. Mzee hakuyagusa, lakini hakumfukuza. Areti akaketi kando yake. 

Simu ya tatu ilikuwa saa kumi na moja kasorobo.

"Areti?" Ilikuwa sauti ya Nanuli, nyuma yake watu wanaongea. "Hai. Wamempa mkaa wa dawa, kautapikia ukuta wote, mweusi tii. Mapigo yalishuka sana. Sasa yanapanda. Atalala hapa siku mbili. Mpe mzee simu."

Areti akampa. Aliposikia sauti upande wa pili, mzee aliinamisha kichwa mpaka kikagusa kaunta.

Bwana Argyris alirudi saa moja jioni, shati limelowa, uso umemshuka. Nanuli alikuwa nyuma yake. Bosi hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Areti zaidi ya kelele.

"Daktari anasema angechelewa kidogo tu..." Hakumaliza. "Mimi nimemtia mzee wa watu aspirini kwa nguvu. Mbele ya mkewe. Kwa sababu yako. Beba vitu vyako. Basi la mwisho ni saa tatu."

"Sawa, bosi."

"Na mimi pia?" Nanuli aliuliza.

"Wewe umefanya nini?"

"Nimejua. Tangu siku ya kwanza, tangu yule kaka yake mhandisi. Nikacheka. Nikamsaidia kukudanganya mwezi mzima." Alijipangusa mikono ingawa ilikuwa mikavu. "Wewe uliuliza msichana kama anajua Kirusi. Mimi nilikuwa pale, hatua tatu kutoka kwako. Hukugeuza shingo."

Bwana Argyris alivaa miwani yake, akaivua. Juu ghorofani kulikuwa na vyumba kumi na nane vya watu waliohitaji mtu wa kuongea nao kesho asubuhi.

"Utasimama mapokezi," alisema hatimaye.

"Kwa mshahara wa mapokezi."

"Mama Nanuli..."

"Kwa mshahara wa mapokezi. Na kiti."

 Bwana Argyris akakubali kwa kichwa, kama mtu anayeng'olewa jino.

Areti alikuwa amefika ngazini kwenda kuchukua begi lake. Alisimama. Alijua alichotaka kuuliza kilihitaji uso mkavu, na wake siku ile haukuwa na ukavu wowote uliobaki. Akauliza hivyohivyo.

"Bosi, vyombo ataosha nani?"

"Nini?"

"Vyombo. Kesho kuna kifungua kinywa cha watu arobaini. Kuosha vyombo najua. Hilo si uongo."

Bwana Argyris alishika kitasa cha mlango wa ofisi. "Sitaki kukuona mbele ya mgeni," alisema. "Hata mmoja. Ukiingia ukumbini, umekwenda." Akaingia ofisini, akafunga mlango.

Siku mbili baadaye Polina alirudi, amepauka, anadai barafu ya stroberi. Familia ilifunga mizigo wiki iliyofuata. Asubuhi ya kuondoka, Larisa alikuja hadi mlango wa nyuma wa jikoni, alipokuwa Areti, mikono ndani ya povu hadi viwikoni. Aliongea kwa utulivu, sentensi ndefu, macho yake hayatoki usoni pa Areti.

Areti hakutabasamu. "Sielewi," alisema kwa Kirusi. "Ngoja, tafadhali." Akamwita Nanuli.

Nanuli alikuja na blauzi nyeupe aliyonunua sokoni kwa ajili ya mapokezi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Anasema kila usiku anakuona ndotoni, unasimama mlangoni na unatabasamu, na mtoto analala. Anasema anajua ulikimbia kuniita, hilo ameliona. Lakini hawezi kukusamehe leo. Labda akifika nyumbani."

"Mwambie nimesikia," Areti alisema. "Mwambie ana haki."

Nanuli akamwambia. Larisa akabaki kidogo mlangoni, kisha akageuka kwenda kwenye basi lililokuwa likinguruma nje.

Areti aliosha vyombo hadi tarehe ishirini Septemba. Vidole vyake vilipasuka, mgongo ukamuuma, na alipanda basi la Thesaloniki akiwa na kodi ya chumba ya kumfikisha Machi. Oktoba, chama cha wanafunzi kilipobandika tena tangazo la masomo ya bure ya Kirusi, aliandika jina lake. Mwalimu alipouliza darasani nani anakijua tayari, hakunyoosha mkono.